Mdogo wangu kafungiwa leseni Florida kwa deni la faini. Niuze bajaji nimtumie?

Swali

Asalaam aleikum wakili. Mimi naendesha bajaji hapa Tanga, kijiwe changu kipo Ngamiani. Mdogo wangu wa tumbo moja yuko Orlando, Florida, mwaka wa sita sasa, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo, shifti ya usiku. Aliandikiwa faini mbili za barabarani, moja ya mwendo kasi na moja ya kupita taa nyekundu, kila moja kaunti yake. Hakulipa, kodi ya nyumba ilimbana. Sasa ananiambia leseni imefungiwa na deni limefika dola 1,200. Kuna jamaa kampigia simu, anasema akipewa nusu leo atamfungulia kila kitu. Mdogo wangu bado anaendesha kwa sababu ghala liko mbali. Nina bajaji moja tu, mkataba nimeumaliza mwaka jana ndiyo ikawa yangu. Niuze? Na hivi ni kweli nchi kubwa kama ile inamfungia mtu leseni kwa sababu hana hela ya faini?

Jibu

Waaleikum salaam, kaka. Bajaji usiuze. Wiki hii usitume hata senti, hata akikupigia mara tano kwa siku. Kinachotakiwa kwanza ni karatasi, na karatasi zenyewe bwana mdogo anaweza kuzipata bila kuuza kitu cha mtu. Nitazifikia. Ila kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, na ndilo lililonifanya nikujibu leo badala ya wiki ijayo: bado anaendesha.

Faini isiyolipwa, kwa sheria ya Florida, ni deni. Inaudhi, inakua, lakini kwa makosa aliyoyataja hajawa mhalifu. Kuendesha gari huku ukijua kwamba leseni imefungiwa ni jambo jingine kabisa, hilo ni kosa la jinai. Akitiwa hatiani mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi siku 60 na kutozwa hadi dola 500. Mara ya pili inapanda hadi mwaka mmoja na dola 1,000. Akifikisha hatia tatu ndani ya miaka mitano anaingizwa kwenye daraja la madereva sugu, na leseni inafutwa miaka mitano. Hapo hata ukiuza bajaji kumi hailipiki, kwa sababu adhabu yenyewe si ya pesa tena.

Neno zito hapo ni "ukijua". Dereva ambaye hakujua kwamba amefungiwa huandikiwa kosa la kawaida la barabarani. Mdogo wako hana mlango huo. Siku alipokwambia wewe, alikuwa anajua.

Sijui anaishi kule kwa kibali gani, na hapa sikuulizi. Nasema tu kwamba tangu 2025 masherifu wa kaunti za Florida wametia saini mikataba ya kushirikiana na idara ya uhamiaji, kwa hiyo mtu asiye raia akiingizwa mahabusu kwa kosa la leseni, mambo yanaweza kwenda mbali kuliko taa nyekundu. Ikiwa ameshakamatwa hata mara moja kwa kuendesha akiwa amefungiwa, asikiri kosa mbele ya hakimu kabla hajaongea na wakili. Kosa lenye kifungo kwa kawaida humpa asiye na uwezo haki ya wakili wa kumtetea anayelipwa na serikali. Na tangu 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani imesema wakili wa jinai anawajibika kumwambia mteja wake asiye raia kama kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini.

Utaniuliza, sasa kazini ataendaje? Swali la haki. Hapa mtu anatoka Makorora mpaka bandarini kwa baiskeli na hakuna anayemshangaa, mji wetu umezoea. Orlando imetandazwa kwa ajili ya gari. Ghala liko pembeni ya barabara kuu, kwa miguu hufiki, na saa nane usiku huwezi kuhesabia basi. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao wanaendesha huku wamefungiwa, si kwa ujeuri. Lakini hebu amtafute mwenzake wa shifti moja, amchangie mafuta, au aombe zamu ya mchana kwa wiki chache. Wiki chache, kaka, sisemi mwaka. Nitakuonyesha kwa nini.

Sasa hilo la nchi kubwa. Ni kweli, na utaratibu wake ni huu. Ukiandikiwa kosa dogo la barabarani Florida una siku 30 za kuchagua: ulipe, usome darasa la udereva pale linaporuhusiwa, au uombe kusikilizwa mahakamani. Ukilipa umekiri. Ukikaa kimya siku 30 zikapita, karani wa mahakama ya kaunti anaongeza dola 16 na kuiarifu idara ya leseni ya jimbo. Idara inatuma barua, na siku 20 baada ya barua kutumwa leseni inafungiwa. Haijalishi barua imesomwa au haijasomwa. Inakwenda kwenye anwani iliyopo kwenye kumbukumbu, na mpangaji aliyehama mara tatu kwa mwaka akifuata kodi nafuu ana anwani gani?

Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye dawati la msaada wa sheria katika jimbo hilo kabla sijarudi nyumbani. Alikuja mama mmoja wa Kihaiti, mfanya usafi wa hoteli, ana mfuko wa plastiki wa dukani. Akaumwaga mezani: bahasha kumi na moja, zote zimefungwa vilevile zilivyotoka posta. Nikamuuliza kwa nini hakufungua. Akasema, "Nilikuwa nangoja nipate hela kwanza ndipo nizifungue." Tukazifungua pamoja kwa kisu cha mezani. Ya tatu kutoka mwisho ilikuwa inampa nafasi ya kulipa kidogo kidogo, na tarehe yake ilikuwa imepita miezi minne. Tangu siku ile, nikisikia mtu hana hela ya faini, kitu cha kwanza ninachouliza ni bahasha.

Turudi kwenye deni. Tuseme kila faini ya mdogo wako ilikuwa dola 200. Ongeza 16 za kuchelewa, ni 216. Deni likilala siku 90, karani anaweza kulipeleka kwa kampuni ya kukusanya madeni, na sheria inaruhusu juu yake iwekwe ada ya ukusanyaji isiyozidi asilimia 40. Asilimia 40 ya 216 ni dola 86 na senti 40, jumla inafika 302 na senti 40. Weka dola 60 za kufunguliwa leseni. Unaona 200 imekuwa 362 na senti 40? Ukikadiria dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni laki tisa na zaidi kidogo kwa taa nyekundu moja. Bajaji na bodaboda huku kwetu faini ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na bado kijiweni tunalia.

Lakini zijumlishe hizo mbili. Inakuja dola 725 hivi. Yeye anakwambia 1,200. Dola 475 zimetoka wapi?

Simtuhumu. Huenda faini zake zilikuwa kubwa kuliko mfano wangu, mwendo kasi hutozwa kwa kadiri ulivyozidisha. Huenda kuna kufuli jingine asilolijua, na mara nyingi huwa ni bima: gari likikatika bima Florida nayo inafungia leseni, na kufunguliwa kwake ni dola 150 mara ya kwanza. Au huenda ndani ya 1,200 kuna fungu la huyo jamaa wa simu. Kuhusu huyo nakwambia moja kwa moja: hakuna mtu wa simu anayefungua leseni. Inafunguliwa na idara ya leseni baada ya karani kuthibitisha kwamba umetimiza sharti. Kampuni ya kudai ya kweli haikatai kukupa maandishi yenye namba ya kesi na jina la kaunti. Anayesema "nusu leo leo" mkatie simu.

Kwa hiyo karatasi. Ya kwanza ni taarifa ya leseni yenyewe kutoka idara ya jimbo, inayoonyesha kila kufuli moja moja, lililofungwa lini na kwa kesi gani. Hali ya leseni anaweza kuitazama bure kwenye tovuti ya idara kwa kuingiza namba ya leseni. Kwa ukamilifu aende ofisini. Makarani watamwambia ana "D6", ndivyo wanavyoita kufungiwa kwa kutolipa au kutofika mahakamani, asiogope neno. Ya pili ni salio la kila kesi kutoka kwa karani wa kila kaunti. Florida ina kaunti 67 na kila moja ina karani wake, mwenye dirisha lake na vitabu vyake. Faini ya Orange, ambamo Orlando imo, haijulikani kwa karani wa Osceola jirani. Watu wengi hulipa moja, wakashangilia, wakawasha gari, wakakamatwa kwa ile nyingine.

Akiwa na karatasi hizo anakwenda dirishani na kusema maneno mawili: mpango wa malipo. Haombi hisani. Sheria ya jimbo inamtaka karani aingie mpango na mtu asiye na uwezo wa kulipa kwa mkupuo, na tangu marekebisho ya 2022 imeweka kipimo. Malipo ya mwezi huhesabiwa kuwa yanalingana na uwezo wake yasipozidi asilimia 2 ya kipato chake halisi cha mwaka, ikigawanywa kwa miezi 12, au dola 25, kikubwa kati ya hivyo viwili. Mtu anayebakiwa na dola 24,000 kwa mwaka baada ya makato, asilimia 2 ni 480, kwa mwezi 40. Malipo ya kuanzia hayazidi asilimia 10 ya deni au dola 100, ndogo kati ya hizo. Kuna ada ya kuendesha mpango: dola 5 kwa mwezi, au 25 mara moja. Na kwa kuwa ana kaunti mbili, amwambie kila karani kwamba kuna mwenzake naye anadai, alete na hati za mshahara. Akiona kiwango kinamkaba, ana haki ya kuomba mahakama iupitie mpango.

Hili sasa ndilo linalokuhusu wewe na bajaji yako: leseni haingoji deni liishe. Akishaingia mpango na kulipa cha kuanzia, karani anatoa uthibitisho, mdogo wako anaupeleka pamoja na dola 60 idara ya leseni, anaendesha. Kufuli zote mbili zikiwa ni za faini tu, piga hesabu: kwa deni la 302 kila moja, cha kuanzia ni dola 30 na ushee mara mbili, ada za mpango kidogo, na gharama ya kufungua. Hata akitozwa 60 kwa kila kesi, hafiki dola 200. Kwa makadirio yetu yale yale haifiki laki tano. Aliyokuomba ni milioni tatu.

Ubaya wa mpango ni kwamba ukikosa, leseni inafungwa tena na mnaanza upya. Kwa hiyo akubali kiasi ambacho hata mwezi mbaya atakimudu. Usimruhusu aahidi makubwa dirishani kwa aibu. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa huo, mtu akiulizwa "utaweza?" anajibu "nitaweza" kwa sababu kuna watu nyuma yake kwenye foleni.

Kama hata dola 40 zinamshinda, kwa faini za namna hii sheria inamruhusu jaji, mtu akionyesha shida ya kweli, kugeuza deni kuwa saa za kazi za jamii. Kufagia bustani, kupanga makopo kwenye ghala la chakula cha maskini. Kwa mtu wa shifti ya usiku hilo linachosha, ila lipo. Na aulize dirishani kama kaunti yake ina siku ya Operation Green Light. Ni siku ambapo makarani wengi wa Florida hupokea madeni haya na kusamehe ile ada ya wakusanyaji, na mpango wa malipo nao unakubalika siku hiyo. Ile 86 na senti 40 ya kila kesi inaweza kuondoka hapo.

Ndugu zenu wa majimbo mengine watamvuruga. Yupo wa Virginia atakayemwambia "huku hakuna kitu hicho", na atakuwa anasema kweli: Virginia iliacha kufungia leseni kwa madeni ya mahakama mwaka 2019, ikaiweka kwenye sheria ya kudumu mwaka uliofuata. California iliacha kufungia kwa kutolipa faini mwaka 2017. New York ilibadilisha sheria yake, ikaanza kazi 2021. Asije akafikiri kuhamia huko kunafuta. Majimbo yanatazama rejista moja ya taifa ya madereva wenye matatizo, akiomba leseni New York watamrudisha Florida akamalize kwanza. Kukaa akingoja deni lipotee pia si dawa: alama ya kufungiwa hukaa kwenye kumbukumbu miaka saba.

Kwa nini Florida inang'ang'ania? Fuata pesa. Mwaka 1998 wapigakura wa jimbo walibadilisha katiba kuhusu nani anagharamia mahakama, na utaratibu mpya ulipoanza 2004 ofisi za makarani zikawa zinaishi hasa kwa ada na faini zinazokusanywa. Karani anayelipwa mshahara na faini ya maskini ana sababu ya kushika kitu ambacho maskini hawezi kuishi bila hicho. Mimi naona ni upofu. Unamnyang'anya mtu chombo anachotafutia pesa halafu unamngoja alete pesa. Kijiweni kwenu mnalielewa hili kuliko majaji wengi: tajiri mwenye bajaji akitaka hesabu yake ya siku, hafungi chombo stoo.

Mahakama ya Juu ya kwao ililiona nusu. Mwaka 1971, katika kesi iliyotoka Georgia, mchungaji mmoja aliyekuwa akihudumia jamii tatu za vijijini kwa gari alifungiwa leseni kwa kukosa bima baada ya mtoto kujigonga na baiskeli ubavuni mwa gari lake. Mahakama ikasema leseni ikishatolewa inaweza kuwa nguzo ya riziki ya mtu, haichukuliwi bila kumsikiliza. Mwaka 1983, Georgia tena, Danny Bearden alipangiwa kulipa dola 750. Akakopa kwa wazazi wake, akalipa 200. Kisha akaachishwa kazi, naye hata kusoma hakujua, hakupata nyingine, akafungwa. Mahakama ikasema huwezi kumfunga mtu kwa kutolipa bila kwanza kuuliza kama alikataa au alishindwa. Lakini hiyo ni jela. Watu walipoipeleka hoja hiyo kwenye leseni, mahakama za rufaa hazikuwafuata wote, na kesi ya Michigan mwaka 2019 ilishindikana. Kwa hiyo mdogo wako asiende dirishani na katiba. Aende na hati za mshahara.

Hao wazazi wa Bearden nimewataja kwa makusudi. Walimkopesha mkupuo wa kwanza, kijana akakosa kazi, zikapotea zote pamoja na uhuru wake. Wewe ukiuza chombo, mwezi ujao nani anamsaidia na awamu ya pili? Ukitaka kuchangia, changia cha kuanzia, kwa risiti, baada ya kuona salio la kila kaunti limeandikwa. Mchango wa ukoo unatosha. Mikopo ya kausha damu usiikaribie, utakuwa umehamisha deni kutoka Florida kulileta Ngamiani likiwa na riba juu.

Ofisi za makarani hufunguliwa saa mbili asubuhi kwao. Kwetu ni saa tisa alasiri, na majira yao ya baridi ni saa kumi. Mwambie afike dirishani mapema akitoka shifti, akupigie kwa WhatsApp, simu aiweke kaunta na wewe usikie tarakimu kwa masikio yako. Apige picha karatasi zote mbili palepale, na ile ya idara igeuzwe nyuma pia, kufuli la bima lisije likapita. Zikifika nitumie nizisome kabla hujaenda kwa wakala wa kutuma pesa.